Fundi wa Viti vya Mlangoni

Kabla hajakukatia tiketi, Fundi alikuwa na maswali yake. Unakohoa? Mtoto unayemnyonyesha hulia akiona watu wengi, au hulia taa zikizimwa? Ni nani hapa mtaani msiyesemezana naye? Ukimjibu ovyo alirudi kwenye randa yake, na kiti hukipati mpaka umjibu sawasawa. Mama yangu, ambaye nadhani hakuulizwa maswali mengi kiasi hicho hata alipoposwa, aliyajibu yote, tena kwa adabu.

Tulimwita Fundi tu. Likoni ilikuwa na mafundi wa kila namna, wa cherehani, wa saa, wa mabati, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua ni yule seremala mwenye karakana kando ya njia ya kuteremkia feri. Alitengeneza vitanda, milango na kabati za vyombo, na kazi hizo ndizo zilizomlisha. Kazi aliyoipenda ni ile asiyolipwa: kuwatafutia watu wa Likoni viti vizuri vya bei nafuu katika jumba la michezo ya kuigiza kule ng'ambo, kisiwani. Nasema habari za miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, nami nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kidogo, nimerudi kwa mama na sanduku moja la bati. Habari ya sanduku hilo nitaifikia.

Viti vya jumba lile alivijua kwa sababu yeye ndiye aliyevitengeneza. Mwenye jumba alimwita kila kiti kilipolegea mguu, na Fundi hakukiamini kiti mpaka amekikalia. Miaka ikapita akawa amevikalia vyote, mara jumba likiwa tupu, mara waigizaji wakifanya mazoezi yao, yeye akigonga msumari polepole asiwasumbue. Alijua kiti kipi kiko nyuma ya nguzo, kipi kinapigwa na jua linaloingia kwenye dirisha la juu, na ni wapi sauti ya jukwaani inafika imekwisha kuchoka. Alijua kwamba feni ya upande wa kushoto hukoroma, kwa hiyo chini yake aliwaweka wale wasioweza kukaa bila kunong'ona.

Siri yake kubwa ilikuwa kamba. Viti vya mbele vilikuwa vya wenyewe, yaani wakubwa wa serikali na matajiri na wake zao, na viti hivyo vilipoishia ilifungwa kamba nene nyekundu, ukuta hadi ukuta. Nyuma ya kamba zilianza benchi zetu. Watu wengi waliokata tiketi ya benchi walikimbilia nyuma kabisa, kwa haya tu, wasionekane wanawapumulia wakubwa visogoni. Fundi aliwacheka. Benchi ya kwanza baada ya kamba, alisema, inaona kile kile kinachoonwa na kiti kilicho mbele yake, na bei yake haifiki nusu.

"Wao wailipia kamba," alituambia. "Nyinyi tazameni mchezo."

Tiketi hakuikata Jumamosi, siku ya mchezo, watu wakisukumana. Alivuka Jumatano asubuhi, wakati karani wa dirishani amekwisha kunywa chai na hana mtu. Karani alikuwa na karatasi iliyochorwa viti vyote, na kila kilichouzwa alikipiga msalaba kwa kalamu ya buluu. Ukimwachia yeye achague, alianza kukupa vya nyuma ya nguzo ili avimalize. Fundi hakumwachia. Alimsalimu, akamuuliza hali ya mguu wake, maana karani yule alisumbuliwa na mguu, kisha akapitisha kidole kwenye tundu la dirisha na kukiweka juu ya karatasi. "Hiki, na hiki, na hivi vinne." Karani alilalamika kila Jumatano, na kila Jumatano alipiga misalaba pale pale alipoonyeshwa.

Karatasi ile ilikuwa na mwenzake Likoni. Kwenye ukuta wa karakana Fundi alikuwa ameangika ubao wa mvule uliotobolewa matundu kwa safu, tundu moja kwa kila kiti cha jumba. Wageni waliudhania bao la kuchezea, wakauliza kete ziko wapi. Hapakuwa na kete, palikuwa na vijiti. Kila mmoja wetu alikuwa na kijiti chake, alichokichonga Fundi mwenyewe kwa mti aliouona unamfaa. Cha mama yangu kilikuwa cha mkoko, mti wa kubebea dari. Cha jirani yetu wa mlango wa pili, bibi mnene ambaye kila jambo la kuchekesha lilimfikia watu wengine wamekwisha kunyamaza, kilikuwa cha msufi, na wallahi kilikuwa chepesi mpaka kikipulizwa kinaanguka. Changu kilikuwa cha mwarobaini.

"Mbona mwarobaini, Fundi?" nilimuuliza.

"Siku uliyokuja hapa mara ya kwanza uso wako ulikuwa mchungu, mwanangu. Ukipata tamu tutakibadilisha."

Sikununa. Nilicheka, nikashangaa kusikia kicheko changu mwenyewe.

Pembeni mwa ubao, nje ya matundu yote, kulikuwa na kijiti kimoja cha msandali kilichochomekwa peke yake. Hakikuwahi kuhamishwa wala kupewa kiti. Bibi wa mlango wa pili alisema ni cha marehemu mkewe. Mama alisema huenda ni kipimo cha kazi. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu Fundi alikuwa mtu wa kuuliza maswali, si wa kuulizwa.

Ijumaa jioni tulikusanyika mbele ya ubao na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Huyu hataki kukaa karibu na wifi yake, yule anataka ncha ya benchi. Fundi alihamisha vijiti kwa subira ya mtu anayewapanga kuku bandani. Mke mmoja alipokataa katakata kukaa nyuma ya mtu mrefu, Fundi alimwendea mtu mrefu mwenyewe na kumuuliza kama angeweza kuinama. Yule bwana aliinama mchezo mzima, na tangu siku hiyo akawa anasalimiana na Fundi kwa kuinamisha kichwa, wakicheka wote wawili.

Sisemi kwamba alikuwa mpole siku zote. Ukitafuna njugu mchezo ukiendelea aligeuka na kukutazama mpaka ukazimeza nzima nzima. Yeye mwenyewe alimumunya iliki tangu pazia linafunguliwa, na ukimwambia, alisema iliki haina sauti. Tena alikuwa mtu mkavu wa macho. Nimemwona akizika ndugu yake wa kuzaliwa akiwa ametulia tuli, akiwaelekeza wachimbaji wanyooshe ukuta wa mwanandani. Lakini jukwaani mtu akifungasha tu mizigo yake, kabla hata hajaondoka, Fundi alikuwa amekwisha kutoa leso. Alilia mapema kuliko mtu yeyote niliyepata kukaa naye benchi moja.

Na sifa yake kubwa ilikuwa kusema kweli. Baba mmoja alikuja kuchukua kitanda cha harusi ya binti yake siku mbili kabla ya harusi. Fundi akamwambia mbao hazijakauka, kitanda kitapiga kelele, heri maharusi walale mkekani wiki mbili. Yule baba alihamaki, akakichukua kwa nguvu. Kitanda kikapiga kelele kama Fundi alivyosema, mtaa mzima ukajua, na bwana harusi akawa hapiti njia ya sokoni mchana. Watu walicheka, lakini walilolishika ni kwamba Fundi akisema jambo, ndivyo lilivyo.

Sasa niseme kwa nini viti vyetu vilikuwa vya mlangoni.

Onyesho la bei nafuu lilikuwa la Jumamosi alasiri. Mchezo ulianza watu wakishasali alasiri, ukaendelea mpaka jua linazama. Na sisi wanawake wa Likoni hatukuwa na ruhusa ya kukutwa ng'ambo na adhana ya magharibi. Hakuna mume, wala baba, wala mama mkwe aliyekubali hilo. Fundi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kutuombea, akatoa neno lake kwamba adhana ikilia tutakuwa tumekwisha kukanyaga mchanga wa kwetu. Siku moja feri ilikawia na adhana ikatukuta katikati ya maji. Kesho yake Fundi alipita nyumba zote zile akiomba radhi, utadhani ndiye aliyekuwa akiiendesha.

Basi alitupa ncha ya benchi ya kwanza na ya pili, upande wa mlango mdogo. Mwanga wa dirisha la juu ulipogeuka rangi ya chungwa bivu, Fundi alikohoa mara moja. Tukakusanya buibui zetu, tukainuka mmoja mmoja, tukatoka kimya, mchezo ukiwa umefika mahali ambapo moyo unakupiga. Waliobaki walitusogezea magoti na kunong'ona, "Watu wa feri hao." Kwa miaka yote ile hatukuona mwisho wa mchezo hata mmoja.

Mwisho tulipewa kwenye feri. Tukishasimama pamoja, kando ya mikokoteni na vikapu vya kuku, Fundi alitusimulia mambo yalivyomalizika. Aliyaona kwenye mazoezi, alisema, siku za kutengeneza viti. Aliigiza sauti zote, ya mfalme na ya mjakazi, na abiria wengine walisogea kusikiliza. Watu wa Likoni walizoea hata wakasema kwamba mchezo una sehemu mbili, ya jumbani na ya kwenye maji, na ya kwenye maji ndiyo tamu zaidi. Hakuna aliyeuliza kama ndivyo hasa ilivyokuwa. Aliyesema ni Fundi.

Nimefika kwenye sanduku langu.

Niliolewa Changamwe, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mume wangu hakunipiga, wala sikulala njaa. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea ualimu kabla sijaolewa, na jibu likaja nikiwa kwake: nimekubaliwa. Alilipokea yeye. Akawajibu kwa mkono wake kwamba mke wake hana haja tena na masomo, akatia stempu, akapeleka, na hakuniambia. Niligundua miezi minne baadaye, nilipokuwa nikifua suruali yake na kukuta barua yangu mfukoni imekunjwa mara nane. Nikatia vitabu vyangu na nguo mbili katika sanduku la bati, nikavuka kwenda kwa mama. Niliomba nafasi upya. Nikapewa, niripoti mwezi unaofuata, siku ya Jumatatu. Na kabla ya Jumatatu hiyo mume alituma salamu kwamba wazee wake watakuja Jumapili kunichukua.

Mama alinyamaza. Kunyamaza kwa mama kulikuwa na maana zote mbili, rudi na baki. Usiku sikulala, mchana sikula. Sikutaka kwenda mchezoni, lakini Fundi alikuwa amekwisha kuchomeka kijiti changu.

Jumamosi ile kundi la walimu na makarani lilionyesha mchezo wa mwanamke aliyerudi kwao na kasha. Sikulijua hilo kabla ya pazia kufunguliwa. Nilikaa ncha ya benchi, mlango ubavuni kwangu, nikamtazama mwanamke aliyekalia kasha lake ukumbini kwa mama yake, huku wazee wa mumewe wakiwa njiani. Wazee walibisha hodi. Mwanamke akasimama. Akaweka mkono juu ya kasha.

Fundi akakohoa.

Nilitaka kukataa kuinuka. Wallahi nilitaka. Lakini neno lake lilikuwa shingoni mwangu kama lilivyokuwa shingoni mwa wenzangu, nikainuka, nikatoka nikitazama nyuma mpaka nikagonga fremu ya mlango.

Kwenye feri sikungoja aanze. "Fundi, aliwafuata?"

Alinitazama kidogo. Bado namwona, kofia yake imesogea nyuma, mkono mmoja ameshika reli ya feri.

"Sikiza," akasema. "Wazee waliingia, wakakaa mkekani, wakanena maneno mazuri sana. Yule bibi akawapa kahawa. Hakuwavunjia heshima. Walipokwisha nena akalifungua kasha mbele ya mato yao, waone wenyewe. Ndani mlikuwa na vitabu. Akawaambia, wazee wangu, mumeniuliza nitarudi lini, bado hamujaniuliza kama nataka. Mimi nina safari nyingine. Wazee wakamaliza kahawa yao, wakaondoka. Pazia likafungwa."

"Basi?" akauliza bibi wa mlango wa pili. "Hana adabu huyo!"

"Ndivyo ulivyokwisha, mama."

Wanawake walibishana mpaka ng'ambo ya pili. Mimi sikubishana. Nilihisi kama mtu aliyewekewa kiti baada ya kusimama muda mrefu. Kumbe jambo lile linawezekana. Kumbe mtu aliliandika, na watu wakalitazama hadharani, na jumba halikuanguka.

Wazee walikuja Jumapili. Niliwapa kahawa. Niliwaambia kwa adabu, maneno karibu yale yale. Mzee mmoja alikasirika. Mwingine, mkubwa wao, alimaliza kikombe chake na kusema atamweleza kijana. Talaka ikaja baadaye. Jumatatu nikaenda nilikokuwa naenda, na mama ndiye aliyenibebea sanduku mpaka kituo cha basi, bado hajasema kitu.

Niliporudi nikiwa mwalimu wa shule ya pale pale Likoni, mambo yalikuwa yakibadilika. Kamba nyekundu iliondolewa jumbani. Aliyeitwa kung'oa ndoano zake ukutani alikuwa Fundi, na ndoano moja alikuja nayo, akaipigilia karakanani, akaangika msumeno wake. Yeye alikuwa amezeeka ghafla. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, akapima mbao kwa kupapasa. Alikuwa haendi tena mchezoni, na wanawake vijana walikwenda wenyewe, wakarudi saa waliyotaka.

Baada ya uhuru kundi lile lile likaurudia mchezo wa kasha. Nilikwenda peke yangu. Nilikata tiketi ya katikati, nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona sehemu iliyobaki. Wazee walibisha hodi. Mwanamke akasimama, akalifungua kasha. Ndani mlikuwa na nguo, hamkuwa na kitabu hata kimoja. Akatoa kanga zake za harusi, akajitanda, akapiga magoti mbele ya wazee na kuomba radhi, kisha akawafuata. Jumba zima likapiga makofi. Mikono yangu ilibaki mapajani.

Nilirudi nikiwa na hasira, halafu hofu, halafu sijui nini. Maisha yangu yote niliyokuwa nayo, mshahara wangu, watoto wa darasani kwangu, jina la Mwalimu niliitwalo sokoni, niliyajenga juu ya mwisho ambao haukuwapo. Kesho yake nikamwendea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Ndoo hapa, keti. Si hicho, hicho mguu wake haujakauka gundi."

Nikaketi. Nikamwambia nimekwenda mchezoni na nimebaki mpaka mwisho. Hakuuliza mchezo gani. Aliitua patasi, akaipangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulijua," nikasema.

"Nalijua. Niliuona mazoezini mara tatu. Mara zote nililia."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya, mwanangu. Maisha yangu sijasema uongo mwingine wa kuukumbuka." Alikikunja kile kitambaa. "Wajua nina binti?"

Nilijua ana binti aliyeolewa Changamwe kabla sijarudi kwa mama. Sikuwahi kumwona.

"Naye alirudi kwangu na kasha, miaka miwili kabla yako. Hapo ulipoketi ndipo alipoketi. Akaniuliza, baba, nirudi? Nami nimetoka kule jumbani wiki hiyo hiyo, waliucheza mara ya kwanza, usiku, kwa wakubwa peke yao, nami niko nyuma na nyundo yangu, nimeona watu walivyopiga makofi. Nikampa mwisho wa jukwaani. Nikamwambia, wafuate. Akawafuata." Alipapasa mezani akaipata patasi, akaiweka tena. "Yuaishi, alhamdulillahi. Ana watoto wanne. Mumewe si mtu mbaya. Lakini tangu siku ile hajacheka mbele yangu. Akija Idi huniamkia, hunipa chakula, huondoka. Basi wewe uliponiuliza kwenye feri, uso wako ule, sikuweza kuutoa ule mwisho tena. Haukutoka."

Nililia, nasema wazi. Yeye, ambaye alilia mtu akifunga mizigo tu, hakulia. Aliuliza, "Umejuta?"

"La, Fundi. Hata siku moja."

Akainuka, akaufuata ukuta kwa mkono mpaka kwenye ubao. Vumbi lilikuwa limeziba matundu mengi, vijiti vya watu vimeliwa na wadudu. Changu kilikuwa kizima. "Mwarobaini hauliwi na mchwa," akasema, kwa namna ya fundi anayesifu mbao tu, kisha vidole vyake vikaenda pembeni, vikakichomoa kile kijiti cha msandali. Alikishika muda. Akahesabu matundu kwa kupapasa, akakichomeka katikati kabisa ya ubao, safu ya nne. Tundu la pili yake akaligonga kwa ukucha.

"Nikatie viti viwili, Mwalimu. Hapa na hapa. Mchezo ule ule, Jumamosi alasiri, madamu bado wauonyesha. Mlangoni sitaki. Mlangoni mtu huondoka."

Nilimwandikia binti yake barua kwa maneno ya Fundi mwenyewe, mstari mmoja: Mwanangu, njoo Jumamosi, nimekuwekea kiti. Nilivuka Jumatano asubuhi. Karani alikuwa yule yule, na mguu wake ule ule, nikauulizia. Alipouliza, "Likoni? Mlangoni kama kawaida?" nikapitisha kidole kwenye tundu, nikakiweka katikati ya karatasi. Tiketi moja nikaitia ndani ya bahasha ya Changamwe. Jibu halikuja Alhamisi, wala Ijumaa.

Jumamosi nilimvusha Fundi. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi na iliki imejaa mfukoni. Nilimkalisha safu ya nne, akakipapasa kiti cha pili, akakitikisa kidogo kuona kama kimekaza. "Nilikitengeneza mimi hiki," akasema. Nilimwambia nitamngoja Likoni, gatini. Nilipogeuka mlangoni kumtazama taa zilikuwa zinazimwa, na kiti kile kilikuwa bado kitupu.

Nilifika upande wetu mapema nikasimama penye mteremko, na nafsi yangu haikutulia. Mwanga uligeuka rangi ya chungwa. Adhana ya magharibi ikalia. Feri ikaja, watu wakashuka, Fundi hayumo. Nikasali katika msikiti wa karibu, nikarudi mbio. Feri ya pili ikaja, hayumo. Nilianza kujilaumu, mtu asiyeona kumwacha peke yake ng'ambo, nikamfikiria amekaa pale watu wamekwisha kutoka, mkono juu ya kiti kile kitupu.

Feri ya tatu ilikuwa imejaa. Walishuka wenye baiskeli, wakashuka wenye mikokoteni, na nyuma yao kabisa nikaiona kanzu. Mwanamke mwenye buibui alikuwa amemshika mkono wa kushoto, na kwa mkono wake mwingine alikuwa akipunga hewani, anabisha.

"Lakini hawakumuuliza, baba!" alikuwa akisema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wazee wamesema, mama yake amesema, yeye hakuna aliyemuuliza! Mwisho gani huo?"

Fundi alisimama katikati ya mteremko, watu wakimpita huku na huku, akageuza sikio lake upande wa sauti.

"Haya," akasema. "Nisimulie wewe ulivyokwisha."

Na binti yake akacheka. Kisha akaanza kumsimulia. Nami nikajificha nyuma ya mkokoteni wa madafu mpaka wakanipita, nikarudi nyumbani bila kuwasalimu.